Kaka anatoka gerezani Texas kwa parole, familia iko Ohio: atakujaje kuishi kwetu?

Mwana wa Fizi anauliza:

Habari za humu ndani, wakubwa kwa wadogo. Kaka yangu anatumikia kifungo cha jimbo huko Texas, kosa ni kuvunja nyumba na kuiba. Bodi imekubali atoke kwa parole, yaani amalizie kifungo nje chini ya usimamizi, na tarehe aliyoelezwa iko miezi mitatu na nusu mbele. Kabla ya kukamatwa alikuwa akiishi Amarillo peke yake, akifanya kazi kiwanda cha nyama. Kule hana mtu. Baba yake alishafariki, mama yake bado yuko kambini Nyarugusu, Tanzania.

Sisi tuko Columbus, Ohio, tangu 2016. Mimi na mke wangu na watoto watatu tumepanga nyumba ya vyumba vitatu kwa mtu binafsi. Wazazi wangu wako dakika kumi kutoka kwetu, wao wanaishi kwa vocha ya Section 8, ule msaada wa serikali wa kulipia pango. Tunataka atoke aje moja kwa moja huku. Je, inaruhusiwa? Maombi naanzisha mimi au yeye? Na wakija kukagua nyumba wanatazama nini hasa? Yeye ana grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, si raia. Naomba mnijibu kwa kina, maana tunasikia kila mtu na lake.

---

Karani wa Mtaa:

Ndugu yangu, kabla ya yote nijibu swali moja. Huyu kaka ni wa tumbo moja na wewe, au ni mtoto wa baba mkubwa? Nauliza kwa sababu umeandika "mama yake" na halafu "wazazi wangu". Jibu lako ndilo litakaloamua njia yote.

Wakati tunakusubiri, hakikisheni ni gereza la jimbo kweli na si la serikali kuu. Tazama namba yake ya mfungwa. Ya serikali kuu ina tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu tatu. Kama ni hiyo, haya nitakayosema hayamhusu: huko kuhama kunapangwa kati ya ofisi mbili za probesheni (za kusimamia walio nje) za mahakama ya serikali kuu, na masharti ya kawaida ni kuripoti ndani ya saa 72 baada ya kutoka, kutoa taarifa siku 10 kabla ya kuhama nyumba, na kufanya kazi angalau saa 30 kwa wiki. Watu wengi huchanganya mifumo hii miwili na kupoteza wiki nzima wakipiga simu ofisi isiyohusika.

---

Mwana wa Fizi:

Ni gereza la jimbo, nimetazama namba. Na umenisoma vizuri: ni mtoto wa baba mkubwa. Kwetu hatusemi binamu, huyo ni kaka. Tulilelewa nyumba moja, baba yangu ndiye aliyemsomesha.

---

Karani wa Mtaa:

Asante. Hapa ndipo familia zetu nyingi zinapokwama, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mtu aliye chini ya parole hahami jimbo kwa hiari yake. Majimbo yote 50 yana mkataba wa kupokeana watu walio chini ya usimamizi, unaitwa Interstate Compact. Lishikeni jina hilo, ndilo mtakalolitaja kila ofisi. Chini ya mkataba huo jimbo linalopokea, kwenu ni Ohio, *linalazimika* kumkubali mtu akitimiza mambo haya: amebakiwa na zaidi ya siku 90 za usimamizi, ana mpango halali wa usimamizi (atakaa wapi na nani atamsaidia), anatii masharti yake, na mojawapo kati ya haya mawili. Ama yeye ni mkazi wa Ohio, ama ana jamaa mkazi wa Ohio aliye tayari na mwenye uwezo wa kumsaidia, na yeye mwenyewe anaweza kupata kazi au ana njia ya kujikimu.

Mkazi, kwa maana yao, ni aliyekaa jimbo hilo mwaka mmoja mfululizo kabla ya kutenda kosa. Kaka yako alikuwa Amarillo, basi mlango huo umefungwa. Unabaki wa jamaa, na orodha ya jamaa imeandikwa, haibuniwi: mzazi, babu au bibi, mjomba au shangazi, mtoto aliyefikia utu uzima, kaka au dada wa kuzaliwa aliyefikia utu uzima, mume au mke, mlezi wa kisheria, mzazi wa kambo. Jamaa huyo awe amekaa Ohio siku 180 au zaidi kufikia siku ombi linapotumwa.

Mtoto wa baba mkubwa hayumo. Wewe, kwa karatasi za Marekani, si jamaa yake wa kumwezesha kuhama.

Tafadhali usimwambie aandike "brother" kwa kuwa ndivyo mnavyoitana. Afisa ana ripoti ya kesi yenye majina ya wazazi wake, na faili la ukimbizi nalo lina ukoo mzima. Majina yasipolingana ombi linarudishwa, na baya zaidi, kila neno litakalosemwa na familia baada ya hapo litatiliwa shaka.

Lakini tazama ulichonacho. Baba yako ni baba yake mdogo. Kiingereza hakitenganishi baba mdogo, baba mkubwa na mjomba: wote watatu ni "uncle", na "uncle" yumo kwenye orodha. Mzee ameishi Ohio tangu 2016, siku 180 alizipita zamani. Jamaa mkazi wenu ni yeye. Ila awe ndugu wa kweli wa marehemu, yaani baba mmoja au mama mmoja. Kama nao waliitana kaka kwa kuwa wazazi wao walikuwa ndugu, tunarudi palepale.

Ikitokea hivyo, bado ipo njia ya pili: Texas inaweza kuomba Ohio imkubali kwa hiari, ikieleza kwa nini uhamisho huo utamsaidia. Hapo Ohio ina uhuru wa kukataa.

---

Mama Rehema:

Karani amesema kweli, naongeza la nyumba, maana naona hatari mbele.

Baba asimchukue huyo kijana kwenye nyumba ya Section 8 kabla ya kuomba. Mwenye vocha hana ruhusa ya kuongeza mtu mzima nyumbani bila idhini ya ofisi ya nyumba, kwa maandishi. Wanaoingia bila kuombewa ni watoto wanaozaliwa, wanaoasiliwa au wanaokabidhiwa na mahakama, na hao nao lazima taarifa itolewe. Ofisi ikigundua mtu mzima analala hapo kimya kimya, inayopotea ni vocha ya wazee, si nafasi ya kijana peke yake. Sheria ya taifa inakataza moja kwa moja watu wachache tu, kama walioandikishwa kwa maisha yao yote kwenye orodha ya makosa ya ngono na waliohukumiwa kwa kutengeneza dawa ya kulevya ya methamfetamini ndani ya nyumba za ruzuku. Wengine wote kila ofisi ina sera yake, na mwenye kosa la kuvunja nyumba huweza kukataliwa.

Kwa hiyo gawanyeni kazi. Maana ya jamaa mkazi inadai utayari na uwezo wa kusaidia kama mpango ulivyoeleza. Haisemi lazima walale chini ya paa moja. Baba awe jamaa, nyumba iwe yako wewe Mwana wa Fizi. Mpango uandikwe wazi hivyo: anwani ni hii, mwenye nyumba hiyo ni binamu, na baba mdogo anayeishi dakika kumi ndiye atakayemsafirisha na kumsaidia kwa hiki na hiki.

Nenda leo ukasome mkataba wako wa pango. Angalia kifungu cha wageni, wengi huweka kikomo cha siku chache tu, na kifungu cha watu waliotajwa kuishi humo. Muombe mwenye nyumba barua yenye anwani kamili pamoja na namba ya mlango, jina la kijana, na sentensi moja kwamba anaruhusiwa kuishi humo. Usimfiche kwamba anatoka gerezani. Afisa atakapofika kukagua, mwenye nyumba atajua tu, na akikataa siku hiyo mpango umekufa.

---

Mwana wa Fizi:

Mungu awabariki. Baba na marehemu ni mama mmoja baba mmoja, hilo halina shaka. Sasa nani anaanzisha? Nimepiga ofisi moja hapa Ohio wakaniambia hawawezi kunisaidia.

---

Karani wa Mtaa:

Walikujibu sawa. Familia haiombi, wala Ohio haianzishi. Anaanza yeye mwenyewe, kwa afisa wa parole anayehudumia gereza lake. Anasaini ombi la kuhama na hati ya kukubali kurudishwa Texas bila kupinga endapo atahitajika. Bila hati hiyo hakuna kinachotumwa. Texas ndiyo inayopeleka faili Ohio kwa mfumo wao wa kompyuta, ofisi kwa ofisi.

Kazi yenu ni kumtumia kwa posta, mapema, karatasi moja isiyo na kosa: majina kamili ya baba kama yalivyo kwenye kitambulisho chake (na mpangilio uleule, majina yetu hupinduliwa sana), uhusiano, tarehe baba alipoanza kuishi Ohio, anwani ya nyumba atakayokaa, simu mbili, majina na umri wa kila anayeishi humo. Ambatisha barua ya baba, barua yako, ya mwenye nyumba, na nakala za hati zako za mshahara za karibuni kuonyesha kwamba atakula na kulala mpaka apate kazi. Mkipata mwajiri wa kuandika kwamba yuko tayari kumfanyia usaili, wekeni, ingawa msaada wa familia nao ni njia ya kujikimu.

Kuhusu muda: ombi haliwezi kutumwa zaidi ya siku 120 kabla ya tarehe ya kutoka. Nyie mko kwenye siku kama 105, kwa hiyo dirisha limeshafunguka. Ohio inapewa siku 45 za kuchunguza na kujibu.

---

Shemeji wa Dayton:

Kwani hawezi kutoka, akaja Columbus kama mgeni wa wiki mbili, halafu karatasi zikafuata? Siku 45 ni nyingi kwa mtu aliyekaa ndani miaka.

---

Karani wa Mtaa:

Hapana, shemeji. Kuhamia kabla ya kukubaliwa kunakatazwa na mkataba wenyewe, na ni uvunjaji wa parole siku ya kwanza. Texas inaweza kutoa hati ya kumkamata, na ile saini ya kukubali kurudishwa ndiyo itakayotumika. Kibali cha safari fupi kipo, lakini anakitoa afisa anayemsimamia, kina tarehe ya kurudi, na hakigeuki makazi.

Tena hizo siku 45 zinaanza kuhesabiwa siku Ohio inapopokea ombi *lililokamilika*. Hazihesabiwi toka siku kijana alipotia saini. Faili likikosa kitu, hesabu haijaanza. Ndiyo maana nasisitiza ile karatasi isiyo na kosa: namba ya mlango iliyosahauliwa inaweza kugharimu mwezi.

Na muwe na mpango wa pili ndani ya Texas. Kwa kawaida sheria ya kule inamtaka aliye parole akae kaunti aliyokuwa akiishi alipotenda kosa. Ohio ikichelewa, anaweza kuelekezwa nyumba ya mpito ya huko. Ombi la kuhama linaweza kuendelea akiwa nje, ila atasubiri jibu akiwa Texas. Ohio ikikataa, lazima itoe sababu. Muombe afisa awape sababu hiyo, rekebisheni hicho tu, ombi litumwe tena. Sababu nyingi za kukataliwa ni za kurekebishika.

---

Mama Rehema:

Uliuliza wanakagua nini. Kwanza simu. Afisa atapiga kwa namba usiyoijua, pengine mchana ukiwa kazini. Futa ujumbe wa zamani ili sanduku la sauti lipokee, na mwambie baba naye apokee namba ngeni kwa kipindi hiki. Mzee kama Kiingereza hakimtoshi asijibu "yes, yes" kwa heshima. Aseme "Swahili interpreter, please" na asubiri. Msimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri. Swali kama "utamruhusu aishi hapo kwa muda gani?" likijibiwa "sijui", kwetu ni unyenyekevu, lakini afisa ataandika kwamba familia haiko tayari.

Wakifika nyumbani wataona atakapolala. Si lazima chumba chake peke yake, lakini pawe mahali panapoeleweka, si "tutaona". Watauliza nani anaishi humo na kama yupo mwingine mwenye kesi au aliye chini ya usimamizi. Mbwa mkali afungwe.

Na silaha. Sheria ya nchi inamkataza aliyehukumiwa kwa kosa la kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja kumiliki bunduki au risasi, na "kumiliki" kunaweza kuhesabiwa hata silaha ikiwa ya mtu mwingine, mradi yeye anaweza kuifikia. Kama wewe au mkeo mnayo, itoke nyumbani kabla ya ukaguzi, risasi zake pia. Droo yenye kufuli haitoshi kwa maafisa wengi.

Kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue na akubali. Afisa akimkuta mkeo peke yake na yeye akaonyesha wasiwasi, barua yako nzuri haitamshawishi.

---

Wakili wa Kando:

Naingia kwenye neno lililopita haraka: grini kadi. Samahani kwa kuleta zito, lakini hili lifanyike *kwanza*, kabla ya barua ya mwenye nyumba.

Sheria ya uhamiaji inaweza kuhesabu wizi au kuvunja nyumba kuwa miongoni mwa makosa mazito kabisa pale hukumu ya kifungo inapofikia mwaka mmoja, na mwenye grini kadi anaweza kuondolewa nchini kwa hilo. Kama kosa lake la Texas linaingia humo kunategemea maneno halisi ya kifungu alichohukumiwa nacho, na hapo ndipo wakili anapopata pa kupigania.

Kijana amuulize afisa wa gereza kama faili lake lina ombi la uhamiaji la kumshikilia, fomu I-247A. Likiwepo, gereza huombwa kumshikilia hadi saa 48 baada ya muda wake wa kutoka ili uhamiaji wamchukue. Hapo hatapanda basi la Ohio, ataenda kizuizini. Nyumba yenu iliyokaguliwa haitakuwa bure, kwani inasaidia kuomba dhamana pale sheria inaporuhusu, lakini kinachohitajika kwa haraka ni wakili wa uhamiaji anayejua kesi za jinai. Yule anayejaza fomu za kuleta familia huenda hazijui. Na kijana asisaini karatasi yoyote ya kukubali kuondoka bila wakili kuiona. Aliyeingia kama mkimbizi anaweza kuwa bado na kinga za kutorudishwa anakoteswa.

Najua mtauliza: kama baba mdogo alishapata uraia, je haumfikii? Haumfikii. Uraia wa moja kwa moja unatoka kwa mzazi, wa kuzaa au wa kuasili, kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Kusomesha na kulea hakuhesabiki, hata kama kwetu ndiko kuzaa kwenyewe.

Akifika salama Columbus, ana siku 10 kuwaarifu uhamiaji anwani mpya kwa fomu AR-11. Na asisafiri nje ya Marekani kwenda kumwona mama Nyarugusu. Mwenye hukumu kama hiyo akirudi mpakani anaweza kuhesabiwa kama anaomba kuingia upya.

---

Mwana wa Fizi:

Wakili, umenishtua lakini afadhali nimejua. Nitamwandikia leo aulize. Akikubaliwa, baada ya kufika itakuwaje? Sheria za Texas au za Ohio?

---

Karani wa Mtaa:

Zote mbili, kwa mgawanyo. Muda wa usimamizi unaamuliwa na Texas, Ohio haiufupishi. Namna ya kumsimamia kila siku ni ya Ohio, kama inavyowasimamia watu wake, na inaweza kuongeza masharti. Ada ya usimamizi inaweza kutozwa na Ohio. Texas inaweza kutoza ada ya maombi, lakini haiwezi kuendelea kumtoza ya usimamizi akishahamishwa. Mkiona analipa huku na huku, ulizeni.

Akitoka atapewa kibali cha safari na maelekezo ya kuripoti, yenye siku na ofisi. Aje kwa njia ya moja kwa moja. Kushuka Kentucky kusalimia jamaa usiku mmoja hakumo kwenye kibali.

---

Mama Rehema:

Na maisha yetu yanagongana na masharti mahali ambapo afisa hapajui, basi mwelezeni mapema. Mkesha wa kanisani unapita saa ya kurudi nyumbani: ratiba ya kanisa ipelekwe kwa maandishi kabla, yenye jina la mchungaji na simu. Ukitokea msiba jimbo lingine, tuseme Iowa: aombe kibali saa ileile habari inapofika, akiwa na jina la nyumba ya mazishi na tarehe, asisubiri kikao cha familia kiishe. Akifungwa kifaa cha mguuni cha kufuatilia alipo, muda wa kukichaji upangwe kama muda wa dawa, kwa sababu betri ikizima mitambo inaripoti hajulikani alipo.

Na kama kuna shemeji au rafiki wa familia naye ana kesi, taja jina lake kwa afisa mapema. Kukutana naye huweza kuhitaji ruhusa, hata kama ni kwenye harusi.

---

Mwana wa Fizi:

Nimeelewa. Leo naandika barua mbili: moja kwake aulize habari ya I-247A na aombe fomu ya Interstate Compact, nyingine kwa mwenye nyumba. Baba nitampeleka Jumamosi asaini yake.

---

Karani wa Mtaa:

Kwenye barua ya baba aandike "uncle, younger brother of his late father", na ataje jina la marehemu lilivyo kwenye karatasi za ukimbizi. Na barua ya gerezani weka namba yake ya mfungwa juu ya bahasha, la sivyo itarudi.